Nilivyokufa Ili Mjukuu Aache Kazi

Jumamosi nilikuwa uani nikipura maharagwe, nikasikia kilio langoni. Wanawake wameshika vichwa, wananililia mimi kwa jina langu. Mbele yao alikuwa mama mwenye hoteli ya mjini ambako mjukuu wangu hupika chapati, amebeba sukari na majani ya chai ya matanga. Aliponiona alikatiza kilio, mkono ukabaki kichwani.

"Mama, si ulikufa?"

"Nani amesema?"

"Kijana wako. Nikampa ruhusa akuje akuzike."

Kijana mwenyewe alikuwa huko Kabras kwenye mashamba ya miwa, ameshaanza kazi mpya ya kupakia miwa. Alipokuja kunisalimia Jumapili nilimwuliza kwa nini hakuaga. Akakuna shingo.

"Kukhu, nyanya yangu, yule mama ni mzuri sana. Niliona haya kumwambia naenda."

Haya! Kuniua hakuona haya. Vijana wetu siku hizi hawaachi kazi mpaka mtu afe, na sisi nyanya ndio tunamalizwa. Kesho yake asubuhi nilimpeleka kwa mama huyo wa hoteli, nikamwambia avue kofia aseme.

"Mama, nimepata kazi ingine. Asante kwa hii. Mtu mpya nitamfundisha kabla sijarudi Kabras."

Mama akashika kiuno. "Ni hayo tu? Na vile nililia kutoka hapa mpaka kwenu Khwisero?"

Nikamrudishia sukari yake. Akaisukuma kwangu.

"Kaa nayo, Mama. Siku utakufa kweli, mimi sitaamini mtu."