Mikono Miwili Kabatini

Pale chuo cha udaktari walimwita Mama Cherehani, kwa kuwa kabla ya kuajiriwa kwenye karakana ya chuo alikuwa fundi wa vyerehani kwa miaka kumi na minne. Alichoka kuona wanafunzi wakijifunza kushona kwenye sponji, kisha wanaingia chumba cha upasuaji wakitetemeka. Basi akakusanya mota za printa mbovu na waya za breki za baiskeli, akaunda roboti: mikono miwili myembamba inayoendeshwa kwa vishikio, mwanafunzi akifunga fundo huku anatazama skrini. Kazi ya miezi minane. Mara tatu aliibomoa yote, maana kidole kimoja kilichelewa kufumba.

Mkuu wa idara alipoiona hakuamini macho yake. Akaagiza ipakwe rangi nyeupe, ikafungiwa kwenye kabati la vioo. Wageni wakija inatolewa, inapigwa picha, inarudishwa. Wanafunzi wakaambiwa wasubiri ratiba, na ratiba haikutoka.

Mama Cherehani akaenda kuuliza. Akaambiwa aandike barua, akaandika. Akarudi, akaambiwa barua haionekani. Safari ya tatu alikaa kwenye benchi la nje mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo akaitwa ndani.

"Mama, wale vijana wataiharibu," mkuu alisema kwa upole.

"Daktari, mimi niliiunda waiharibu. Wakikosea pale, wanakata waya. Wakikosea kule, wanakata mtu."

Mkuu akatabasamu, akasema atalifikiria, akamfungulia mlango.

Nyumbani mumewe alimtania kwamba amezaa mtoto na wakwe wamemchukua. Akacheka peke yake. Mkewe alikuwa anamenya viazi kana kwamba vimemkosea.

Wiki hiyo hiyo alianza roboti ya pili, kwa mabaki na mbao za makasha. Hakuipaka hata rangi. Ilikuwa na sura ya panya aliyenyeshewa, lakini vidole vilifumba sawasawa. Akaifunga kwa mnyororo kwenye meza ya korido ya wanafunzi, akaondoka bila kumwomba mtu ruhusa.

Siku ya nne alikuja binti wa mwaka wa tano, kashika kidole cha chuma kiganjani.

"Samahani mama, tumeivunja. Ila jana nilifunga mafundo thelathini."

Kabla hajakitengeneza, ikaja karatasi kutoka kwa mkuu: kile kituko kiondolewe koridoni, wageni wanakuja. Mama Cherehani aliisoma mara mbili, akasonya. Akaihamishia roboti karakana, katikati ya mashine zake, na sasa wanafunzi wanapanga foleni humo, wanamkanyaga, wanamzibia mwanga, hamalizi kazi yoyote kwa wakati. Kila asubuhi anaunga waya zilizokatika jana yake, huku akinung'unika. Ile nyeupe iko kabatini mpaka leo, na ufunguo anao mkuu.