Mkono wa Bonface Mwita

Tangu usichana wake Truphena Nyaboke alikuwa mgonga simu za maandishi katika posta ya Homa Bay, habari za misiba na arusi zikipita chini ya vidole vyake, mpaka simu hizo zilipokosa watumaji naye akastaafishwa kabla ya wakati. Vidole havikukubali kustaafu. Alijinunulia redio ya mitumba ya kurusha na kupokea, akaomba leseni ya wale wanaozungumza hewani kwa kujifurahisha. Alipewa ile ya chini: agonge Morse tu, alfabeti ya nukta na mistari, mdomo marufuku.

Hewani ndiko alikokutana na Bonface Mwita, fundi redio wa Ntimaru, kule Kuria mpakani. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Lakini wagongaji hujuana kwa mkono kama majirani wanavyojuana kwa kikohozi, na mkono wa Mwita ulikuwa na kilema chake: alama ya mwisho aliiburuta, kama mtu anayenasua mguu kwenye tope. Yeye alikuwa na leseni ya juu. Kila walipoagana alimgongea neno moja, PANDA. Afanye mtihani, apande daraja, nao waongee kwa mdomo kama watu. Truphena aliahirisha mwaka baada ya mwaka. Mahesabu ya umeme yalimtia kizunguzungu, na mtihani wenyewe ulifanyiwa Nairobi.

Mwaka wa tisini na tano, baada ya Pasaka, mmisionari mmoja wa Tarime aliwatangazia wenzake hewani kwamba Mwita amekufa kwa homa, na ameshazikwa.

Masika yalikuwa yakielekea kwisha pale Truphena, akiwa mezani mchana, ziwa limeiva kwa wingu, aliposikia akiitwa. Zilikuja herufi za kituo chake, zile alizopewa na leseni, polepole, na alama ya mwisho ikaburutwa. Aligonga kuuliza ni nani. Hakujibiwa. Likaja lile neno moja, PANDA, kisha mvumo mtupu.

Siku nyingi zilizofuata likarudi vilevile. Mmisionari, alipoelezwa, alidhani kuna mtu anayefanya mzaha kwa redio ya marehemu, na Truphena aliomba Mungu iwe hivyo. Akafunga safari ya Ntimaru.

Alimkuta Robi, mjane wa Mwita na mama yake Gati, akianua nguo kwenye waya mrefu wa shaba. Truphena aliutambua waya huo. Ndio uliokuwa antena. Redio ilikuwa ndani ya sanduku, nyaya zimetafunwa na panya, betri imeshauzwa. Hakuna aliyeweza kuitumia. Truphena aliketi, chai ikampoa mkononi. Hakuwa amesema lolote juu ya ule mkono, Robi alipomuuliza kama kweli na yeye alikuwa mtu wa kugonga.

"Basi nisaidie, mama," Robi alisema. "Hii meza hugonga. Jua likiwa juu, na hakuna mtu."

Akaweka kidole mezani kumwigizia. Hakujua hata herufi moja ya Morse, na alisema hivyo mwenyewe kwa aibu. Lakini kidole kiligonga nukta tano, mistari miwili, nukta mbili, kikaendelea bila kukosea hadi alama ya mwisho, nayo kikaiburuta. Lilikuwa jina la kituo cha Truphena.

"Inasema nini?"

"Inaniita mimi, Mama Gati."

Hakuona namna ya kuficha mengine. Alimweleza habari ya leseni na ya neno lile. Robi aliitazama meza.

"Mimi kugonga sijui," alisema mwishowe, "lakini mdomo ninao. Pata hiyo leseni, nije niongee na Baba Gati. Alienda nikiwa sokoni, hatukuagana."

Njia nzima ya kurudi, Truphena alibishana na nafsi yake. Kanisani kwake, kwa Wasabato, alifundishwa kwamba wafu wamelala na hawajui lolote. Mlio wa Morse angeweza kuuita uzushi wa masikio mazee. Sauti ya mtu je, angeiitaje? Lakini ombi la mjane hakuweza kulitupa. Alisoma, akaenda Nairobi, akafaulu.

Robi alikuja Homa Bay kabla ya Krismasi. Mchana, Truphena aliiweka redio kwenye masafa aliyozoea Mwita kuzungumzia, akataja kituo chake kwa mdomo wake, kwa mara ya kwanza, kisha akampa Robi maikrofoni na kumwonyesha pa kubonyeza. Robi alisema kwa Kikuria, kwanza kwa kelele, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Akaachia, akasikiliza. Akaitikia kwa kichwa. Akasema tena, chini zaidi, akasikiliza, akacheka huku amejiziba mdomo kwa leso.

Truphena aliinamisha sikio hadi likagusa spika. Mvumo tu, kama mvua ya mbali. Ila mshale wa kupimia mawimbi ulikuwa ukiinuka na kulala, ukiinuka na kulala, kila Robi aliponyamaza, kama unavyofanya mtu anapozungumza upande wa pili.

Hatimaye Robi aliweka maikrofoni chini, akapangusa uso.

"Amesema nini?"

"Mambo ya nyumbani."

Truphena alisitasita. "Hakuniulizia?"

Robi alimtazama kwa huruma. "Hapana, mama. Hakukutaja."

Meza ya Ntimaru haikugonga tena, na ule mkono haukurudi hewani. Truphena alibaki na leseni yake ya juu. Watu wa Mwanza na Kampala walimzoea upesi, wakawa wanamwuliza habari za mvua. Aliwajibu kwa adabu, kwa maneno machache, akazima mapema.