Samansi ya Baba Mkwe

Mvua ya Kawetele haijaamua kama inyeshe au iache. Atupakisye anashuka kwenye bodaboda, anakaza kilemba na kufuata njia ya migombani, bahasha ikiwa chini ya khanga. Mfanyabiashara wa maziwa anamwona kwa mbali, anaingia ndani na kufunga mlango.

"Atatoka tu," anasema Atupakisye, akikaa kwenye kigogo. "Wananijua. Nikija mimi ni mahakama."

Ni msambaza nyaraka za mahakama mjini Tukuyu. Nyingi anazobeba ni za kesi za biashara: parachichi, chai, maziwa, mikataba iliyovunjwa. Masika nauli za bodaboda humlia karibu nusu ya ujira.

Kazi yenyewe inaonekana nyepesi. Mtu anapokea, anasaini, naye anaapa kwamba amemkabidhi. Ila kiapo hicho kikiyumba, hukumu nzima inaweza kufutwa na yeye kupoteza leseni. Mwaka jana nusura yamkute, kwa samansi, hati ya kuitwa mahakamani, iliyokwenda kijiji cha Ikuti.

Kampuni moja ilimshtaki mkulima kwa kuuza parachichi kwa mnunuzi mwingine, kinyume cha mkataba. Atupakisye alilisoma jina mara mbili. Lilikuwa la Mzee Nsajigwa, baba mkwe wake.

Kwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hakutani naye uso kwa uso. Familia nyingi zimeshaacha. Mzee Nsajigwa hajaacha, na tangu aolewe Atupakisye hajawahi kuuona uso wake.

"Ningeirudisha bila kumfikishia, wangemwita kwa tangazo la gazetini. Nani anasoma gazeti kule Ikuti? Mzee angehukumiwa hajui lolote," anasema.

Akaenda na balozi wa nyumba kumi. Alisimama nyuma ya jiko, akaisoma samansi kwa sauti. Balozi akaipeleka upande wa pili, mzee akasaini. Atupakisye aliona mkono tu.

Siku ya kesi mzee alikuwa amelazwa hospitali ya Makandana, kwa homa ya mapafu. Kampuni ikasikilizwa peke yake, ikashinda. Baadaye wakili wa mzee, Jotham, akaomba hukumu ifutwe, akidai samansi haikumfikia mteja wake kihalali. Atupakisye akaitwa kuhojiwa.

"Ulimwona mteja wangu akisaini?"

"Hapana. Niliona mkono tu."

"Ukionyeshwa leo, utamtambua?"

Alitazama sakafu. Alijua mzee yuko kwenye benchi la nyuma.

"Siwezi."

"Nikajua leseni ndiyo imeondoka," anakumbuka.

Ndipo mzee akasimama. Wakili alimvuta koti, wapi.

"Mheshimiwa, karatasi niliipata. Huyu mkamwana wangu, mke wa mwanangu, hasemi uongo. Hanitambui kwa sababu ananiheshimu. Mimi nilikuwa naumwa, basi."

Hoja kubwa ya wakili ikafia hapo. Imebaki sababu ya ugonjwa peke yake, na hakimu atatoa uamuzi mwezi ujao. Uamuzi huo ukimwendea mzee vibaya, shamba la Ikuti linaweza kupigwa mnada.

Mlango wa mwenye maziwa unafunguliwa. Anatoka, anasaini akinung'unika. Atupakisye anamtazama usoni, kama kazi inavyotaka, kisha anarudisha bahasha yenye nakala iliyosainiwa chini ya khanga.

Uamuzi ukitoka, wowote ule, atamtuma mumewe amwombee ruhusa kwa baba.

"Nataka nimsalimie uso kwa uso," anasema. "Wilaya hii nimetazama nyuso nyingi, na karibu zote zinanichukia. Aliyenitetea ndiye pekee ambaye sijamwona."