Kiswahili changu kilivyonichongea kwenye interview ya Kinorwe

Wakuu, salaam kwenu. Sitaongeza chumvi, haya yalinikuta mwenyewe.

Mwaka 2012 nilikuwa nimepanga basement Brampton, Canada, nabeba maboksi warehouse. Mke wangu Neema alikuwa anasoma Norwe, na binti yetu yuko naye. Nikaomba kazi kwenye chekechea kule niwafuate. Nikaitwa interview ya Skype, kwa Kinorwe!

Nilikuwa nimejisomea mwaka mzima. Najiamini balaa.

Mama mkuu wa chekechea akauliza nataka kufanya kazi wapi.

Nikajibu: barneHAge!

"Wapi?"

Nikarudia mara tatu. Hakunielewa. Kwa huruma akanipa wiki mbili, tujaribu tena.

Niliumia, wakuu. Hilo neno ndiyo chekechea yenyewe!

Juu yangu aliishi mwenye nyumba, Mama Solveig, bibi wa Kinorwe aliyehamia Canada akiwa msichana. Miaka miwili tulikuwa tunasalimiana tu. Nikapanda na daftari.

Nikamsomea lile neno. Akacheka hadi akavua miwani.

"Unalikata vipi?"

"Ba-rne-ha-ge."

"Hapana! Ni maneno mawili yameungana. Barne, ya watoto. Hage, bustani. Kata kwenye maungio. Nguvu yote weka mwanzo, BARne, kinachofuata kipite taratibu."

Ndipo nikashtuka. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi zetu huishia na irabu. Kumbe nilikuwa naongea Kinorwe kwa mdundo wa Kiswahili! Hata matpakke, chakula anachofungiwa mtoto, nilikuwa naikata ma-tpa-kke. Kumbe ni mat-pakke, na MAT ndiyo inakazwa.

Wiki mbili tukapiga meza kwa viganja, pa! mwanzo wa kila neno. Kazini wenzangu wakaona nabeba maboksi huku nabwabwaja, wakajua nimechanganyikiwa.

Interview ya pili, swali lile lile. BARnehage!

Yule mama akaendelea na swali linalofuata, kama vile hakuna kilichotokea. Nusura niruke kutoka kwenye kiti!

Kazi nikapata, wakuu. Nilipomwambia Mama Solveig, alinishika mikono miwili.

"Mimi ndiye wa kushukuru," akasema. "Tangu mume wangu afariki, sikuwa na mtu wa kuongea naye Kinorwe."

Nikavuta kiti, tukaendelea kwa Kinorwe.

Funzo: usimeze msamiati tu, sikiliza nguvu ya neno inaangukia wapi. Na mgongee jirani mlango.

Haya, mliojifunza lugha za watu, neno gani liliwaumbua? Tiririkeni.