Gego la Mwisho na Sindano ya Mgongo

Ndugu zangu, kuna aibu ambazo mtu huzizika na zikaoza vizuri, na kuna hii yangu ambayo kila nikirudi Kabambare naikuta imenenepa, maana wazee wa sokoni wakiniona tu huulizana kwa sauti, "Si ule mwalimu aliyeacha suruali?", na mimi, mtu mwenye shahada na mvi, nacheka nao kwa sababu sina la kujitetea. Basi afadhali niisimulie mwenyewe, kabla hamjaipata kwao, ambako mwaka hadi mwaka nakimbia mbali zaidi kuliko nilivyokimbia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabeleji, ingawa wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni ya mwisho. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni hapo Kabambare, kijana wa miaka ishirini na moja mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi ya makaa, na kwenye sanduku langu kulikuwa na barua iliyosema nimekubaliwa chuo kikuu kule Léopoldville. Kamio, yaani lori la misheni, ingeondoka Alhamisi kwenda Kasongo, kutoka Kasongo ningevuka Lualaba na kupanda treni, na kilichobaki ni muhuri mmoja tu. Siku zile hukuweza kutoka nje ya eneo lenu bila kitabu chako cha afya kupigwa muhuri kwamba huna malale, yaani ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o (na kando ya mto Luama mbung'o walikuwa wengi kuliko sisi). Muhuri ulipigwa na waganga waliozunguka vijijini, nao walikuwa wafike kwetu Jumanne. Bila muhuri hakuna kamio, na padri mkuu alikuwa ameniambia waziwazi kwamba nafasi yangu haitanisubiri.

Jumamosi gego la mwisho likaanza kuuma.

Lilikuwa la chini, upande wa kushoto, limetoka nusu na nusu limekwama ndani ya ufizi kama mgeni aliyesita mlangoni. Jumapili shavu lilikuwa limejaa. Shangazi yangu Mwamini, ambaye nilikaa kwake, aliniangalia nikisukuma bugali pembeni ya sahani kwa kidole, akasema:

"Baba, hiyo shavu iko namna gani?"

"Upepo tu, shangazi."

"Upepo gani unanuka hivi? Kesho enda kwa Feruzi aitoe."

Feruzi alikuwa munganga wa dispanseri yetu, mtu mfupi, wa maneno machache, aliyesomea kazi yake Kasongo. Kila Jumatatu alitoa meno kwenye baraza ya dispanseri, mgonjwa amekaa juu ya kreti ya sabuni, na shangazi mwenyewe alikuwa ametolewa mawili bila kutoa sauti. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kusoma, na mtu wa kusoma haendi tu kutolewa jino, kwanza anafikiri. Nikafikiri Jumapili nzima. Nikiling'oa, nitaagana na watu uso umevimba kama boga. Nisipoling'oa, litauma njiani. Lakini Léopoldville (nilikuwa nimeona picha kwenye gazeti la mapadri) kuna madaktari wa meno wenye viti vinavyopanda na kushuka, na kwa nini mtu anayekwenda kukaa kwenye kiti cha namna hiyo akalie kreti ya sabuni? Nikaamua kulibeba jino langu hadi mji mkuu. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo namna hiyo, na kila kilichofuata kilitoka humo.

Jumatatu nilipita mbele ya dispanseri kwa haraka. Feruzi akaniita kutoka barazani:

"Mwalimu! Iko muzuri?"

"Muzuri sana," nikajibu, meno yamebanana, nikaendelea kutembea.

Siku hiyo hiyo chefu, mkuu wa kijiji chetu, akaniita. Watu walikuwa wanaiogopa ile timu ya malale. Mganga wao hupapasa shingo yako, akikuta tezi zimevimba anakuchoma sindano hapo hapo na kutazama maji yake kwa hadubini. Akibaki na shaka unalazwa kwenye meza, unashusha nguo, unakunjwa magoti hadi kidevuni, na sindano ndefu inaingia katikati ya uti wa mgongo. Hiyo ya mgongo ndiyo iliyokimbiza vijiji vizima porini. Chefu akasema, "Wewe ni mutoto wetu, umesoma. Ongea na watu. Halafu kesho ukuwe wa kwanza kwenye mustari, waone."

Nikaongea nao. Mungu anisamehe, niliongea vizuri. Nilisimama juu ya benchi la kanisa nikawaambia kwamba woga ni mtoto wa ujinga, kwamba sindano ni chuma tu, kwamba mtu mzima anayekimbia dawa ni sawa na mbuzi anayekimbia mvua na kuingia mtoni, na mama mmoja akauliza, "Na wewe, mwalimu, watakupiga hiyo ya mugongo?" nikacheka, nikamjibu, "Hata mbili, mama."

Jumanne asubuhi watu walijaa uwanja wa mpira, karibu mia nne, wamepangwa mistari na makapita, wasimamizi wa chefu, wenye fimbo. Daktari alikuwa Mbeleji mwekundu, mwembamba, aliyechoka tayari kabla ya kuanza. Feruzi alikuwa pembeni yake na daftari. Nikatangulia, kifua mbele, wanafunzi wangu wote wananitazama. Mpapasaji, kijana mgeni aliyekuja na timu, akaweka vidole shingoni mwangu, akasimama, akarudi kupapasa tena, akamwita daktari. Daktari naye akapapasa. Tezi zangu za kushoto zilikuwa zimesimama kama njugu.

Hapo ningesema neno moja tu: jino. Lakini kinywa kilikuwa hakifunguki tena zaidi ya upana wa kidole, na hata kingefunguka, ningesemaje mbele ya Feruzi niliyemwambia muzuri sana? Wakanichoma shingoni, nikavumilia, daktari akainama kwenye hadubini, akainuka hajaridhika, akauliza kitu kuhusu usingizi wangu, na mimi (kwa kuwa jino lilikuwa limeninyima usingizi siku tatu, macho yangu yalikuwa yanafumbika yenyewe) nikajibu kwa mngurumo. Akanifunga shingoni kipande cha karatasi kwa uzi. Karatasi ile maana yake ilikuwa moja: meza.

Nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Wamemushika mwalimu." Halafu mwingine, "Kama mwalimu iko nayo, sisi je?" Mistari ikaanza kutikisika.

Nikalazwa. Suruali ya kaki ikashushwa hadi magotini, nikakunjwa, mtu akanishika mabega, na nikahisi pamba ya baridi mgongoni. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa mezani na halafu sikuwa mezani, suruali ilinishika miguu hatua tatu, nikaiacha hapo ilipoanguka, nikakata uwanja kwa shati na karatasi shingoni, nikapita katikati ya darasa langu zima, nikaruka mkeka wa shangazi wa unga wa muhogo uliokuwa unakaushwa, nikateleza, nikaanguka kifudifudi juu yake. Nilipoinua kichwa, mweupe kwa muhogo tangu nywele hadi mapaja, nikaona kwamba sikukimbia peke yangu. Nusu ya uwanja ilikuwa inakimbia. Waliniona mimi, wakafuata: wamama wenye watoto mgongoni, wazee, makapita wenyewe. Shangazi alisimama juu yangu, akavua kitenge chake cha juu, akanitupia.

"Jifunike, baba," akasema. Hakucheka. Hilo liliniuma kuliko jino.

Makapita wawili wakanirudisha. Daktari alikuwa anapiga kelele kwa chefu, kwamba nifungwe, kwamba kijiji kizima kitaandikwa kwa adhabu, na kwa kadiri nilivyoelewa Kifaransa chake, kwamba mgonjwa mwenye wazimu kama huu hana haja ya muhuri, ana haja ya hospitali ya Kasongo miezi kadhaa. Nikaona treni yangu ikiondoka. Hapo ndipo Feruzi akaweka daftari chini, akanikaribia, akaninusa. Kweli, akaninusa mdomoni, kama mama anusavyo maziwa. Akaingiza kidole kimoja kwenye ule upenyo mdogo, akagusa, nami nikapanda juu ya vidole vya miguu.

Akageuka. "Hapana, dokteri. Si malale. Iko jino."

Ndugu zangu, lazima niwakumbushe wakati wenyewe. Mtu mweusi hakumwambia Mzungu hapana mbele ya watu mia nne, wala mbele ya wanne. Hata waliokuwa wanakimbia wakasimama walipo. Daktari akawa mwekundu zaidi, akasema kitu kifupi. Feruzi hakuinua sauti wala hakuinamisha macho. "Nitaitoa hapa. Kama hakuna usaha, dokteri andika vile unataka, na mimi vilevile uniandike."

Halafu akanigeukia, kwa upole kabisa: "Mwalimu, jino ao mugongo?"

Siku tatu nilikuwa nimepima jambo hilo kwa akili zangu zote za shule, na sasa nililiamua kabla hajafunga kinywa. "Jino," nikasema, au nilichoweza kutoa.

Akanikalisha chini, kichwa changu katikati ya magoti yake. Sindano ya ganzi hakuwa nayo. Daktari akafungua mkoba wake mwenyewe, akatoa kichupa, akanichoma dawa ndani ya shavu, na alipomaliza hakuondoka. Akachukua beseni, akapiga goti kwenye vumbi, akalishika chini ya kidevu changu. Feruzi akaniachia muda dawa ishike na taya lilegee, akapenyeza kwanza chuma chembamba, akainua, akasubiri, akainua tena, bila haraka yoyote, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yenye mtoto aliyelala. Daktari aliuliza, "Koleo?" na Feruzi akajibu, "Bado," na daktari akangoja. Nilikuwa nalia, machozi yanachimba njia kwenye muhogo usoni, lakini hata katika kulia niliyaona mambo hayo mawili, Mzungu amepiga goti na Mbangubangu, mtu wa kabila letu, anamwambia bado, na nikaogopa kwa namna nyingine, ile ya kanisani, unapotamani kuvua kofia ingawa hukuvaa.

Mwishowe jino likatoka kwa koleo. Usaha ukafuata, na daktari akageuza uso kuikwepa harufu yake. Feruzi akaliinua juu: mizizi miwili iliyopinda, mirefu kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kukaa ndani ya mtu. Watu wakasema "Eeeh!" kwa pamoja.

Daktari akasimama, akapangusa goti, akarudi kwenye hadubini, akatazama tena yale maji ya shingo yangu muda mrefu. Akamwita Feruzi atazame naye. Halafu akachukua kitabu changu na kukipiga muhuri, bila kuniangalia.

Shangazi Mwamini, ambaye tangu Jumapili alikuwa ameapa kwamba ile timu haitamgusa, akaenda kusimama peke yake mahali mstari ulipokuwa, shingo mbele. Mmoja mmoja wengine wakarudi nyuma yake. Nilikaa kwenye vumbi na kitenge chake kiunoni, nikiwatazama wakirudi, na nikajua kwamba hakuna hata mmoja aliyerudi kwa sababu ya hotuba yangu. Walirudi kwa sababu walimwona mtu aliyeijua kazi yake, na walimwona mwoga akifanyiwa kazi hiyo na kubaki hai.

Alhamisi nilipanda kamio. Nimesoma, nimefundisha, nimesimama mbele ya watu wengi tangu siku ile, na gego langu la upande wa pili lilipoanza, nilikwenda kulitoa siku hiyo hiyo, bila kufikiri hata dakika. Lakini kiapo changu si cha meno. Niliapa kwamba sitamwambia tena mtu yeyote "usiogope". Nikimkuta mtu anatetemeka mlangoni kwa mganga, namwambia, "Mimi pia naogopa, sogea kidogo," na nakaa naye.