Vuta Bibi!

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu na si ule wa kwenye simu, alisuka nywele miaka mingi kabla hajashika kamera. Mkono wake mwepesi, na kwenye kamera ulikuwa mwepesi kupita kiasi: anavuta, anaachia, anageuka huku, anageuka kule, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Video yake ya kwanza tuliitazama nyumbani, mama akaomba ndimu alambe asije akatapika.

"Wifi, umemkata kichwa baba mkwe wako akihutubia," nikamwambia.

"Si nimemwachia shingo?"

"Shingo ndiyo itatoa hotuba?"

Mwenye studio ya mtaani, tunayemwita Mzee Taratibu, akakubali kumjaribu kwenye harusi moja. Akifaulu, kazi yake. Akiharibu, arudi kwenye vitana. Akamfundisha kwa maneno ya nyumbani.

"Kwanza simama mbali, watu waone ukumbi mzima. Kisha mtu aonekane kuanzia kiunoni. Mwisho uso, au mkono, au machozi. Ukigeuza kamera, geuza kama unayemtazama mgeni akipita, siyo kama umeitwa jina. Na nikisema vuta, yaani mlete mtu karibu kwa lenzi, vuta hapo hapo ulipo, usikimbie nayo."

Mazoezi wifi alinifanyia mimi, jikoni. Sikumenya tena kitunguu kwa amani.

Siku ya harusi nilimshikia taa. Kamera ilisimama kwenye miguu yake mitatu, na wifi nyuma yake ametulia hata nikamwonea fahari. Ukumbi mzima, sawa. Maharusi kuanzia kiunoni, sawa. Bwana harusi akatoa pete. Mzee Taratibu, aliyekuwa upande wa pili kwenye spika, akapaza sauti juu ya makofi: "Vuta bibi! Vuta bibi!"

Alimaanisha bibi harusi. Wifi akavuta bibi.

Bibi mwenyewe, nyanya yake bibi harusi, alikuwa kiti cha mbele, amelala mdomo wazi. Wifi akamvuta mpaka magego yakaonekana. Makofi yalipokoma, pete ilikuwa kidoleni, na sisi kwenye kamera tunalo koromeo.

"Bila pete hakuna harusi hapa," Mzee Taratibu alisema alipoitazama. "Na kazi hakuna."

Maharusi walikwishasafiri. Wifi akaja kukaa jikoni kwangu. Mara akaushika mkono wangu, akaugeuzageuza kama anayechagua ndizi.

"Wifi, picha ya karibu haina uso."

"Ina nini?"

"Vidole tu. Lete vidole."

Akanipaka rangi ya kucha nyekundu kama ya bibi harusi, akanizungushia shuka jeupe. Mdogo wangu akavaa koti jeusi, akashika pete ya mkewe, akanung'unika.

"Mimi nimvishe pete dada yangu?"

"Vaa uso wa bwana harusi," nikamwambia, "na usinishike kama unanipa nauli."

Mara ya kwanza picha ikacheza. Akafuta. Akaketi, akabana viwiko mbavuni, akashusha pumzi. Kamera ikatulia kama maji ya mtungini.

Mzee Taratibu akaiunganisha picha hiyo na zile za ukumbini, kiungo hakikuonekana. Lakini wifi hana kifua cha siri. Maharusi walipofika studio, kabla hawajatazama, akamwaga yote. Nilimkanyaga mguu, wapi! Mzee Taratibu akafumba macho.

Bibi harusi akatazama. Akarudia. Akamgeukia mumewe.

"Unaona mwanamume anavyovisha pete? Wewe uliisukuma kama unaziba chupa, kidole kikavimba!"

Bwana harusi akacheka mpaka akashika meza.

"Iacheni hii hii," bibi harusi akasema. "Ila mwenye vidole apunguze mikate."

"Mikate yangu naila kwangu," nikamjibu.

Mzee Taratibu akafumbua macho, akatoa ufunguo wa kabati la kamera, akamtupia wifi.

"Kesho kuna mahafali ya chekechea. Watoto hawatulii. Utulie wewe."