Pakiti Aliyoisoma Lemein Baada ya Kuiachilia

"Ulimwambia bosi programu yangu ndiyo inazima ruta za Kajiado, zile mashine za kusambazia watu intaneti, na sasa hataki kunipa mkataba mwingine," Nasike alimwambia Lemein, mwenzake wa kazi. "Huo mdomo wako hauna breki."

Lemein akacheka. "Si jina lako ndilo liko juu ya hiyo faili?"

Nasike, mwandishi wa programu wa Kitengela, ndiye huandika ile sehemu ya ndani kabisa ya ruta, inayopokea pakiti za mtandao, yaani vifurushi vidogo vya data. Kila pakiti hukaa kwenye kipande cha kumbukumbu chenye hesabu ya wanaokishika, yaani sehemu za programu zinazokitumia. Anayekishika huongeza moja, anayemaliza hupunguza moja. Hesabu ikifika sufuri, kipande hupewa pakiti nyingine. Sheria hiyo aliieleza kila mtu ofisini mpaka koo likakauka, na leo mshtakiwa ni yeye.

Akamgeuzia Lemein kompyuta. "Hii mistari ndani ya faili yangu ni yako. Hapa umekabidhi pakiti kwa sehemu nyingine, umeachilia, hesabu imepungua. Halafu hapa chini unarudi kusoma urefu wake, eti kwa ajili ya takwimu. Si ungeusoma kwanza? Ukikuta kipande kimeshapewa pakiti nyingine, ruta inazima."

Lemein alisoma, akarudia. Kicheko kikamwisha. "Ni mimi."

"Usiniambie mimi. Jina langu ulilichafulia kwa bosi, ulisafishie huko huko. Hilo ndilo deni lako."

Lemein akaingia ofisini kwa bosi wao, Omolo, mlango ukabaki wazi. "Bosi, zile ruta nilizivunja mimi. Nasike hana makosa."

Alipotoka, Nasike alikuwa bado amenuna. "Deni limeisha," alisema. "Sasa keti urekebishe."